Stenlesi gani kwa kisu cha samaki?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, natengeneza visu vya kupasulia samaki, nimepata mabaki ya stenlesi ya sinki la jikoni, mbona makali hayakai hata siku moja?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo yaelekea ni aina ya stenlesi iitwayo 304, ina kromiamu kama 18% na nikeli 8%, kutu haiipati kirahisi ndo maana wanatengenezea masinki, lakini kaboni yake kidogo mno, uichome uizime kwenye mafuta mara kumi haigeuki ngumu. Iguse na sumaku, ikiwa hainati au inanata kwa mbaaali, achana nayo. Tafuta 420, au ukijaliwa 440C, hii ina kaboni karibu 1%, inataka moto wa nyuzi 1,010 hadi 1,065 ndo uizime kwenye mafuta, na usikisie kwa rangi tu, halafu irudishe kwenye joto dogo la nyuzi 150 hivi maana usipofanya hivyo kisu kikigonga mfupa wa nguru kinameguka kabisa, nimeona kipande kimebaki ndani ya samaki, inauma sana. Ila 440C ikilala na chumvi inatoka madoa, kila jioni ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na ifutwe ikauke.