Vayolini ya babu, mkono wa mjukuu: "anakua" si jibu

SWALI: Nina miaka 68, ni mstaafu, naishi Mpwapwa. Vayolini nilianza kupiga nikiwa mtoto, padri wa parokia yetu ndiye aliyenifundisha, na hadi leo napiga na kwaya. Mjukuu wangu wa kike, miaka 7, ameipenda sana, nikampa yangu ajifunzie. Huu ni mwezi wa pili, analalamika shingo na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mwalimu wake anasema atazoea, mtoto anakua. Seremala wa hapa mtaani anasema anaweza kukata shingo ya vayolini ipungue imtoshe. Nikubali? Na mimi mwenyewe siku hizi asubuhi vidole vinakaza. Je, ndiyo nimefika mwisho?

JIBU: Shikamoo mzee. Nianze na msumeno maana huo hauna subira: usikubali. Kwenye vayolini ya mtu mzima, shingo kutoka pale nyuzi zinapoanzia hadi ukingo wa mwili ni kama sentimita 13, na kutoka ukingo huo hadi kwenye daraja ni kama sentimita 19.5, yaani mbili kwa tatu. Mkono wako umekariri uwiano huo tangu ulipokuwa mtoto. Daraja, kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi, nalo halisogezwi ovyo, limepangwa usawa wa vikato vidogo vilivyo kwenye matundu ya sauti, na ndani, karibu na mguu wake mmoja, kuna kijiti kilichosimama kinachopeleka mtikisiko mgongoni. Seremala akikata shingo atavuruga hayo yote, na mtoto atabaki na mwili ule ule wa sentimita karibu 36 begani. Hasara kwa wote wawili.

Sasa hilo la "anakua". Nalisikia kila mzazi anapoleta mtoto, na sitaficha, linanichosha. Najua linatoka wapi. Sare ya shule inanunuliwa kubwa, pindo linakunjwa, viatu vinasindiliwa karatasi puani, mwaka unaisha. Vayolini haina pindo la kukunja. Mtoto hawezi kuisubiri akue huku anaipiga. Atakachofanya ni kuupinda mwili wake mpaka uifikie, na mwili wa miaka 7 unakariri upesi kuliko wako na wangu.

Angalia mkono wake wa kushoto. Kwenye uzi mmoja, kidole cha kwanza (cha shahada) mpaka cha nne (kidogo) vinatakiwa kukaa kwenye nafasi ya sentimita 7 na kidogo, kwenye vayolini kubwa. Wewe hiyo nafasi huioni hata. Yeye ili afike inabidi anyooshe kidole kidogo kama kijiti, apinde kifundo cha mkono, na aikabe shingo ya vayolini kwa kidole gumba ili chombo kisianguke. Kiwiko kimenyooka, bega limepanda, kichwa kimelala kushoto. Ndiyo shingo inayouma hiyo. Mkono wa kulia nao una yake: upinde wa mtu mzima una karibu sentimita 75, mkono wake haufiki nchani, kwa hiyo anauvuta kuelekea nyuma ya sikio na sauti inakwaruza. Halafu watu wanasema mtoto hana kipaji.

Mwalimu anayemwambia mtoto "utazoea" wakati analalamika maumivu, sina neno zuri kwake. Ncha za vidole kuwasha wiki za mwanzo kwa sababu ya nyuzi ni kawaida, ngozi inakomaa. Shingo, bega, kifundo na kiungo cha kidole kuuma si kawaida hata siku moja. Wapo pia wanaowavuta watoto vidole na kuwachua mafuta eti virefuke. Kidole hakirefuki kwa kuvutwa, mzee. Kinaumia.

Kipimo ni chepesi. Mnyooshe mkono wa kushoto pembeni, pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Kati ya sentimita 47 na 51 atafutiwe vayolini ndogo ya saizi ya 1/4. Kati ya 51 na 56, 1/2. Kisha hakikisha kwa chombo chenyewe: kikiwa begani na mkono umenyooshwa chini yake, kiganja kiweze kukizunguka kichwa cha vayolini huku kiwiko kimekunjika kidogo. Asipofika, shuka saizi moja. Wala usiidharau 1/2 ukadhani ni nusu ya urefu. Mwili wake una kama sentimita 31, ni chombo kamili, kinatyuniwa zile zile sol, re, la, mi. Atakapokaribia miaka 11 au 12, mwili ukiruhusu, yako itamngoja.

Hapa kwetu Ugogo hilo la kipimo lisingekuwa na mjadala kwenye zeze, kwa sababu anayelitengeneza anamjua atakayelishika, na watoto wanaanza na la kopo. Hata huko vayolini ilikotoka wanajua. Stéphane Grappelli, mpiga vayolini wa jazi aliyezaliwa Paris mwaka 1908, alipewa ya 3/4 akiwa na miaka 12; baba yake aliweka rehani suti ili aipate. Alipiga hadi akiwa na umri wa miaka 80 na kitu, akafariki 1997. Mpiga vayolini mwingine, Yehudi Menuhin, alitikisa kumbi kubwa akiwa bado mtoto, lakini ukubwani mwili ukaanza kumgomea, ikabidi ajichunguze upya anavyosimama na anavyopumua. Mwaka 1952 akiwa India akaanza yoga kwa mwalimu B.K.S. Iyengar. Mtu wa kiwango kile alirudi kujifunza namna ya kusimama. Sisi tunamwambia mtoto avumilie.

Kuhusu vidole vyako, kukaza asubuhi peke yake hakujamaliza mpigaji. Juni na Julai huku kwetu baridi ya asubuhi ni kali, usianze na nyimbo za mbio. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, piga noti ndefu za polepole dakika kumi, pumzika, kisha endelea. Fundi wa vyombo, si seremala, akague kama nyuzi zimekaa juu mno. Zikishushwa kidogo kwenye daraja utashangaa nguvu uliyokuwa unapoteza. Lakini viungo vikivimba, vikiwa na joto, au ugumu ukizidi saa nzima kila siku, nenda hospitali ukapimwe. Usinunue chupa ya mtu wa stendi anayetibu baridi yabisi, nguvu za kiume na madeni kwa dawa moja.

Vayolini yako usiiweke juu ya kabati chini ya bati. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya Dodoma inakausha mbao, vipini vya kukazia nyuzi vinateleza na viungio vinaachia. Kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ndani sponji yenye unyevu iliyokamuliwa vizuri, kinatosha kukaa kwenye kasha lake. Nyuzi usizilegeze zote kwa mpigo, kile kijiti cha ndani kitaanguka. Kiungio kikiachia usipake supagluu. Gundi ya asili ya vayolini imewekwa iachie kabla ubao haujapasuka, na anayeijua ataifungua na kuirudisha.

Wazazi wengine mnaosoma, kwaya nyingi za mjini sasa zinataka watoto wa vayolini kabla ya Krismasi, na wauzaji wamelijua hilo. Anayekuambia "hii ni saizi ya wote" anauza mzigo alionao. Chungulia kwenye tundu la sauti, mara nyingi ndani kuna karatasi iliyoandikwa saizi: 4/4 (ya mtu mzima), 3/4, 1/2. Nenda na mtoto, apimwe pale pale. Muuzaji akisema hakuna haja, pesa zirudi mfukoni.