Jibu: Bili ya maji taka inatoka wapi na bomba halina mita?

Ndugu, umeuliza mbona saluni yako pale Umoja, Nairobi, inatozwa maji taka na hakuna mita kwenye sewa, yaani bomba la maji taka. Mita inayotumika ni ileile ya maji safi. Kampuni ya maji inatoa usomaji wa mwezi uliopita kwenye wa sasa, inapata yuniti. Yuniti moja ni lita 1,000. Maji taka yanakadiriwa kama sehemu ya hayo, na kwa miaka mingi Nairobi imetumia asilimia 75. Viwango huidhinishwa na WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji Kenya.

Hapo ndipo kuna mtego: maji yakivuja ndani, unalipia mara mbili. Kwangu floti ya choo ililegea, maji yakatiririka usiku kucha bila kelele. Kwenye bili, mstari wa maji ukapanda, wa sewa nao ukafuata. Funga mifereji yote, kisha utazame kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, ita fundi kabla ya kwenda kulalamika.

Wenye visima vya kuchimba wasicheke, wakiunganishwa na sewa nao hutozwa. Ila kama ploti yenu inatumia tangi la maji taka la chini ya ardhi na lori la kunyonya, huo mstari wa sewa haufai kuwepo. Beba bili uende ofisini.