Uzito wa deraya za mabamba: ushauri kwa wanaoanza kusoma vita vya Ulaya ya Zama za Kati

Wanafunzi wengi wanaoanza kusoma somo hili huja wakiamini kwamba askari aliyevaa deraya ya mabamba ya chuma hakuweza kuinuka akianguka, na kwamba ilibidi apandishwe juu ya farasi kwa winchi. Wakishasoma kidogo, huhamia upande wa pili na kudai kwamba deraya haikumsumbua mvaaji hata chembe. Ushauri wangu ni kwamba msishike upande wowote kabla hamjajua chuma hicho kililala wapi mwilini.

Anzeni kwa kuuliza deraya ilitengenezwa kwa kazi gani. Ya vitani, katika karne ya 15, mara nyingi ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi. Za mashindano zilikuwa jambo jingine kabisa: ile aliyotengenezewa Mfalme Henry VIII wa Uingereza mwaka 1520 kwa ajili ya mapambano ya ana kwa ana kwa miguu ina zaidi ya kilo 42, wala haikukusudiwa kuvaliwa vitani. Sehemu kubwa ya hadithi za askari asiyeweza kusogea hutokana na kuchanganya aina hizi mbili.

Kisha itazameni deraya yenyewe kwa karibu, hasa kwenye goti. Mtaona mabamba membamba yanayopishana, yameshikwa kwa ribiti, na mguu unapokunjwa bamba moja huteleza juu ya jingine bila kuacha upenyo mkubwa. Mabamba ya miguu yalifungwa kwa kamba kwenye koti lililoshonwa limbane mvaaji, tofauti na shati la pete za chuma, ambalo uzito wake mwingi huning'inia mabegani. Hata unene haukuwa mmoja: mafundi stadi wa miji kama Milan na Augsburg waliacha chuma kingi kifuani, wakakipunguza mikononi na miguuni. Ustadi huo unastahili heshima kubwa kuliko inavyopewa.

Ndiyo maana simulizi za Jean Le Maingre, jemadari Mfaransa aliyejulikana kama Boucicaut, si za kupuuzwa. Wasifu ulioandikwa akiwa hai unasema kwamba aliweza kupinduka sarakasi akiwa na deraya yote isipokuwa chapeo. Maandishi ya sifa yasomwe kwa tahadhari, lakini hata leo watu waliovaa nakala za deraya za kale hupanda ngazi, hulala chini na kuinuka bila kusaidiwa.

Lakini kuweza kusogea si sawa na kusogea bila kuchoka, na hapa ndipo ningependa mkae zaidi. Mwaka 2011, Graham Askew wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu zinazotumiwa na watu wanaotembea na kukimbia wakiwa wamevaa deraya. Kutembea kuligharimu nguvu mara 2.1 hadi 2.3 kuliko kutembea bila mzigo, tena zaidi ya kubeba uzito uleule kwenye kiwiliwili pekee. Chuma kilicho mguuni huinuliwa na kurushwa mbele kwa kila hatua, na kifua kilichobanwa hakiwezi kuvuta pumzi ndefu. Kwa hiyo kusambaza uzito mwilini kulimpa askari wepesi wa viungo, na papo hapo kulimtoza pumzi. Msomapo takwimu hizo, kumbukeni pia kwamba watafiti hao walihesabu deraya kuwa za kilo 30 hadi 50, uzito mkubwa kuliko nilioutaja.

Sasa twendeni Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, ambako Waingereza waliwashinda Wafaransa tarehe 25 Oktoba 1415. Wafaransa wengi walishuka farasi, wakavuka kwa miguu shamba lililolimwa na kulowa mvua, vichwa vimeinama kukwepa mishale ya Waingereza, huku safu zao zikizidi kubanana. Boucicaut mwenyewe alikuwa miongoni mwa makamanda wao, na alitekwa siku hiyo. Anayesema deraya iliwashinda na anayesema haikuwa na neno wote wanauacha nje udongo ule, umbali ule na pumzi zile.

Kwa mazoezi, fungueni orodha za mtandaoni za Metropolitan Museum ya New York na Wallace Collection ya London, ambako vipande vingi vimeandikiwa uzito wake. Chagueni deraya moja ya vitani, mwandike uzito wa chapeo, wa kifua na wa miguu kila mmoja peke yake, ndipo mjumlishe.