Pevingi za plastiki zinapasuka? Tatizo siyo mchanga, ni mnachotupia kwenye pipa

SWALI: Shikamoo injinia. Mimi na wenzangu wanne tuko Mbagala, tumeanza kutengeneza tofali za pevingi kwa taka za plastiki. Tunaokota mtaani, tunayeyusha kwenye pipa lililokatwa nusu, tunachanganya na mchanga, tunashindilia kwenye kalibu. Nyingine zinatoka na matundu, nyingine zinapasuka hata hatujazitoa. Kuna jamaa tumemlipa elfu hamsini atufundishe, kasema tuongeze oili chafu zishikane, na moshi ni wa kawaida, tuvae barakoa tu. Kuna shule inataka tofali mia tano. Kipimo sahihi cha plastiki na mchanga ni kipi?

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Kipimo hakina siri, anzieni robo plastiki na robo tatu mchanga, mpime kwa mizani siyo kwa ndoo maana ndoo moja ya nailoni ni upepo mtupu, halafu mtaongeza au kupunguza kulingana na mchanga wenu. Mchanga uchekechwe na ukaushwe kabisa, hayo matundu mengi ni mvuke wa maji unatafuta pa kutokea. Basi, swali lenu nimeshalijibu. Sasa tuongelee kilichonikera.

Mmesema "taka za plastiki". Zipi? Maswali ya hivi napata kila wiki na hakuna hata mmoja anayeniambia anayeyusha nini, mtu atakutajia ukubwa wa pipa, aina ya kuni, mpaka jina la fundi aliyemchomelea kalibu, lakini kilichomo ndani ya pipa ni "plastiki" tu. Ni sawa na mtu akulalamikie mboga yake chungu, ukimuuliza ulipika mboga gani anakujibu majani.

Plastiki siyo kitu kimoja jamani. Nailoni laini inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, galoni na madumu kama 130, viroba vya mchele, viti na vifuniko vingi 160 na kitu, chupa ya maji ya kunywa mpaka ufike 250. Sasa nyie mna pipa moja, moto wa kuni, mmetupia vyote humo. Nailoni imeshakuwa uji, dumu linafuata, chupa za maji zimejikunja tu zinawaangalia. Mnaongeza kuni. Mkifika moto wa kuyeyusha chupa, ile nailoni imeshapitiliza, inaungua, ikipata cheche pipa zima linawaka. Mkiogopa mkamimina mapema chupa zinaingia kwenye tofali zikiwa vipande vizima, na kila kipande ni mahali pa ufa kuanzia. Ndo maana zinapasuka hata hamjazitoa. Na hata zilizoyeyuka vizuri haziungani kama mnavyodhani, nailoni na kiroba vinatoka ukoo mmoja lakini vikipoa kila mmoja anakaa upande wake.

Oili chafu sasa. Hivi oili kazi yake kwenye injini ni nini? Si kuzuia vyuma visishikane! Halafu mtu anakuchukulia elfu hamsini anakwambia uimwage kwenye tofali ili ishikane. Na humo ndani kuna vumbi la vyuma vilivyolika kwenye injini, mkishamwaga mvua inalisomba polepole hadi kwenye udongo ambao watoto wa shule wanachezea.

Hapo bado sijafika kwenye kinachoninyima usingizi, plastiki inayoitwa PVC, ile yenye namba 3 ndani ya kipembetatu cha mishale kinachochapwa kwenye plastiki. Bomba za maji, bomba za kupitishia umeme, maganda ya nyaya, vitambaa vya meza vya plastiki, mazulia yale ya maua, malapa mengine. Hii huyeyushi. Kabla haijawa uji mzuri inaanza kuoza kwa moto na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa asidi, jamaa ileile iliyomo kwenye dawa kali za kusafishia vyoo. Ikiungua kabisa inaleta dayoksini, hizo ni sumu zinazokaa mwilini miaka. Ile barakoa ya bluu inazuia mate na vumbi kidogo, gesi inapita kama mtu wa nyumbani.

Niliwahi kuitwa uani kwa jamaa mmoja Vingunguti, anataka nimwangalie mashine yake ya kushindilia, anasema haina nguvu. Mashine haikuwa na shida. Mimi nilikuwa naangalia pipa. Jipya, kanunua miezi miwili nyuma, lakini mdomo wake umelika kama meno ya msumeno, kutu ya rangi ya chungwa mpaka kwenye mabati ya banda juu yake na bawaba za mlango wa jirani. Nikamuuliza unapata wapi malighafi, akanionyesha gunia la maganda ya nyaya kwa mtu wa skrepa, wale wanachukua shaba ganda wanatupa, kwa hiyo yeye anapewa bure. Nikamwambia hiyo asidi inayokula bati, na wewe umesimama hapo hapo na mwiko. Akacheka akaniambia yeye anakunywa maziwa jioni. Maziwa! Nani aliwadanganya watu kwamba maziwa yanaosha mapafu? Yanaenda tumboni.

Nikisema hivi naambiwa napinga ubunifu wa vijana. Sipingi. Dampo la Pugu Kinyamwezi linajulikana lilivyo, na kila masika tunaangalia Jangwani ikigeuka bahari huku mitaro imezibwa na machupa, anayetoa hata kilo moja mtaani namheshimu. Ila mnaangalia video za Nairobi nusu nusu. Nzambi Matee, yule dada aliyepata tuzo ya vijana ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2020 kwa pevingi hizi hizi, hatupii kila kitu. Anachagua aina za kutumia, chupa za maji hazitaki kabisa, ana mashine inayokanda kwa joto linalopimwa na presi ya haidroliki inayobana kwelikweli. Kwenye video mnaona tofali linapigwa chini halivunjiki, mnafunga simu mnaenda kutafuta pipa.

Kuchambua hakuhitaji maabara. Kwanza tafuteni namba ndani ya kile kipembetatu, mnachotaka ni 2 (galoni na madumu), 4 (nailoni laini) na 5 (viroba, viti na vifuniko), na kila namba kwenye kiroba chake, na chungu chake. Isiyo na namba, chukueni ndoo ya maji. Kateni kipande, kipakeni sabuni kidogo viputo vitoke, kizamisheni kwa kidole halafu achieni. Kikipanda juu mara nyingi ni zile mnazotaka, kikizama wekeni pembeni, chupa za maji zinazama na PVC inazama. Msidanganywe na yale maboksi meupe ya chipsi, hayo yanaelea kwa sababu ya hewa, hayafai. Mkiwa na wasiwasi na kitu, chukueni waya wa shaba uliomenywa, uchomeni mpaka uwe mwekundu, ugusisheni kwenye plastiki, urudisheni kwenye moto, mkiona mwali wa kijani hiyo ina klorini, tupeni mbali na pipa lenu. Fanyeni nje, na kakipande kadogo, siyo bomba zima.

Pakiti za krispu na za sabuni ya unga zina tabaka la alumini au plastiki mbili tatu zimegundishwa, achaneni nazo. Chupa za maji msiziyeyushe, wauzieni wanaonunua kwa kilo, mnaweza kupata hela kuliko kwenye tofali. Ningekuwa nyie ningeanza na nailoni moja tu, ile inayofunga katoni za maji na soda, Kariakoo kwenye maduka ya jumla inatupwa kila siku na ni safi. Toka mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 watu wanadhani nailoni zimeisha, wapi.

Joto mpime. Nunueni kipimajoto cha viwandani kile cha kuelekeza kama bastola, siyo kile cha wakati wa korona, hicho kinaishia kwenye homa. Nailoni mkikaa kwenye 160 hadi 180 panatosha, itanukia kama mshumaa uliozimwa. Mkiona moshi mmepitiliza, hakuna moshi wa kawaida, punguzeni kuni. Tofali lipoe taratibu likiwa limebanwa, msilitumbukize kwenye maji.

Hao wanaouza "fomula" kwenye magrupu ya WhatsApp wanaongezeka kila siku, leo oili chafu, kesho mafuta ya taa, kuna mmoja alikuwa anauza unga wa kumeza moshi, nikaupima, chokaa. Na siyo kwenye tofali tu, ni mtaani kote, mama anawashia jiko la mkaa kwa nailoni kwa sababu inashika haraka, kibarua anachoma nyaya apate shaba, jioni mtaa mzima unanuka, watoto wanakohoa mwezi mzima, halafu tunasema ni vumbi.

Kwa hiyo shule waambieni wasubiri, na kabla ya kuuza nendeni NEMC, wale wa mazingira, mjue masharti ya eneo lenu, mkaulize TBS, shirika la viwango, kuhusu vipimo. Kwanza tengenezeni tofali kumi za nailoni pekee, ziloweke usiku kucha, asubuhi mziachie kutoka usawa wa kiuno zidondoke kwenye sakafu ya zege, halafu mniandikie zimebaki nzima ngapi. Elfu hamsini yenu sahauni.