Sadaka ya makao makuu inarudi vipi?

Ndugu, umeuliza usharika wa Kanisa la United Methodist unapata nini kwa sadaka inayopelekwa ngazi ya juu. Angalia UMCOR, idara ya misaada ya kanisa hilo iliyoanza 1940. Mafuriko yakitokea, usharika mmoja hauwezi kujenga upya nyumba za kijiji. Idara hiyo ina fedha na wataalamu, ninyi mnawajua wenye shida na mna ukumbi wa kuwapokea. Gharama zake za ofisi hulipwa hasa na sadaka ya Jumapili maalumu, hivyo mchango wote wa maafa unawafikia walengwa. Halafu kuna Africa University kule Mutare, Zimbabwe, tangu 1992: wachungaji wanasoma pale, wakiwemo Wakongo. Ila msisubiri, andikeni maombi ya msaada kupitia konferensi yenu, yaani uongozi wa kanisa wa eneo lenu.