Maswali kwa Bibi Shamba: Mhina wangu unakufa kwenye mchanga

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Mimi niko Kigamboni, uwanja wangu ni mchanga mtupu, ukichimba utadhani uko ufukweni. Nataka mhina wangu mwenyewe nyumbani ila nimeshindwa mara mbili sasa. Kwanza nilimwaga mbegu, hata moja haijaota. Halafu shangazi akanipa vijiti kutoka Tanga, nikachoma chini, nikaweka mbolea ya kuku ya kutosha, nikawa namwagilia kidogo asubuhi na jioni, vikachipua vizuri tu ila majani yakaanza kuungua pembeni, nikasafiri msibani wiki moja, kurudi vyote vimekauka. Nimeambiwa nilete gari la udongo mwekundu, ni kweli? Na binti anaolewa Desemba, nitawahi kuchuma?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo gari la udongo achana nalo, hela yako weka kwenye harusi. Mhina na mchanga ni ndugu, porini huku kwetu unauona kando ya mito inayokauka kiangazi na haumwagiliwi na mtu, usichokitaka ule mti ni maji kutuama.

Kilichoua vijiti vyako ni matunzo. Mbolea ya kuku mbichi ni kali mno, na mchanga hauna cha kuipunguza ukali, ndo maana majani yaliungua. Halafu ule umwagiliaji wa kidogo kidogo unalowesha juu tu, basi na mizizi inabaki hukohuko juu, ukikosekana wiki moja jua linapiga mchanga unakuwa kama kikaango, mti hauna pa kukimbilia.

Sasa fanya hivi. Omba vijiti vingine kwa shangazi (mpelekee na kilo ya sukari), vya tawi lililokomaa sio ncha laini, unene wa penseli, urefu shubiri moja. Vioteshe kwenye viroba vilivyotobolewa chini, mchanga na samadi kidogo ya zamani, uweke kivulini mpaka vichipue na vishike mizizi. Mvua za kwanza zikianguka, za vuli au masika yoyote ile, chimba shimo la futi moja na nusu, chini tandika makumbi ya nazi uliyoyaloweka, yale yanashika maji kama sponji, wazee wa pwani wanaweka hivyo hivyo kwenye minazi. Mchanga uliotoa changanya na nusu ndoo ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena. Panda juani, juu tandaza nyasi kavu ila zisiguse shina.

Maji sasa. Mwezi wa kwanza ndoo nzima taratibu kila baada ya siku mbili tatu, kisha mara moja kwa wiki, kisha unazidi kuchelewesha ili mizizi iyafuate chini. Ukipita mwaka utakuwa unaukumbuka kiangazi kikali tu.

Mbegu nazo ni ndogo na ngumu, hazioti ukizimwaga tu. Loweka siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku, ndo uzisie juu juu. Ila mi mwenyewe napendelea vijiti, mbegu zinataka subira ambayo sina.

Ah, na usiupande mlangoni. Maua yake yananukia kweli jioni, najua ndo utakachofikiria, ila ukizeeka matawi yanatoa miiba na watoto watakulilia.

Kuhusu Desemba, hapana mwanangu, harusi hii nunua sokoni. Uache mwaka mzima ushibe, ndo uanze kukata matawi, na usiogope kukata, unachipua tena. Majani yaanike kivulini, sio juani, rangi inapotea. Na bi harusi apakwe hina ya kweli, sio piko, ile dawa ya nywele inababua ngozi.