Mbwa akikushika mkono kwa meno: anacheza au anaonya?

Swali: Shikamoo Daktari. Nina mbwa dume wa miezi mitano, tunaishi Kimara. Nikirudi kazini hunikimbilia na kunishika mkono kwa meno, ila haniumizi. Lakini juzi mwanangu wa miaka sita alipita karibu na sahani yake ya ugali na dagaa, mbwa akamngurumia. Baba Brian anasema tumchape sasa hivi kabla hajazoea. Je, huyu mbwa anatupenda, au ni mkali na siku moja atatung'ata? – Mama Brian

Jibu: Marahaba, Mama Brian. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hakuna hata moja linalotaka fimbo.

Tuanze na la mkono. Mbwa hana mikono, kwa hiyo mdomo ndio anaotumia kushika, kuchunguza na kuchezea. Wako yupo pia kwenye umri wa kubadili meno: ya utotoni, ambayo ni 28, hung'oka kati ya miezi minne na sita kupisha meno 42 ya ukubwani, na fizi humsumbua. Kupima nguvu ya taya mtoto wa mbwa hujifunza kwa ndugu zake. Aking'ata sana, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Ndiyo maana nasisitiza watoto wa mbwa wasitenganishwe na mama yao kabla ya wiki nane. Wako anakushika bila kukuumiza, maana yake somo hilo limemwingia.

Usiangalie meno peke yake, tazama mwili mzima. Anayecheza huwa mlegevu: kiuno kinayumba pamoja na mkia, mdomo umeachama, mara anainamisha kifua chini huku makalio yakibaki juu. Hata kunguruma hunguruma akicheza, kwa hiyo sauti pekee isikutishe. Anayeonya hukakamaa. Huganda ghafla, hukodoa macho hadi weupe uonekane pembeni, hufunga mdomo au kuinua mdomo wa juu. Na mkia usikudanganye, kwani ukisimama wima na kutikisika harakaharaka huku mwili umekaza, hiyo si furaha.

Akikushika mkono, usiuvute kwa nguvu; utamchochea, na ngozi itachanika. Tulia, nyamaza, mpe kamba nene yenye mafundo atafune. Akiendelea, ondoka umwache peke yake kidogo. Mwambie Brian naye asimame kimya, maana mtoto anayepiga kelele na kukimbia humzidishia mbwa mzuka. Nyumba nyingi za Dar mbwa hushinda amefungiwa bandani hadi usiku. Kama na wako ni hivyo, mtembezeni asubuhi kabla ya jua kali, na jioni mtaona kushikwa kwa meno kumepungua.

La sahani ndilo ninalotaka mlizingatie zaidi. Pale mbwa wako hakuwa anacheza, alikuwa anaomba nafasi. Ukimchapa kwa kunguruma, hofu ya kunyang'anywa chakula haiondoki. Kinachoondoka ni sauti. Nawatibu mbwa ambao wamiliki wao wanasema "aling'ata bila dalili", na nikiuliza vizuri naambiwa alikuwa akinguruma zamani, akawa anapigwa mpaka akaacha.

Mlisheni mahali pa peke yake, mtoto asifike hapo, na mtu yeyote asimwondolee sahani kumwonyesha nani mkubwa. Mtu mzima apite mbali, amtupie kipande cha nyama, aendelee na safari yake. Siku zinavyokwenda apite karibu kidogo, ilimradi mbwa amelegea. Akikakamaa, umesogea mno, rudi nyuma. Msimwache Brian na mbwa peke yao, hata wakiwa marafiki kiasi gani. Na kama ukali huu ni mgeni kabisa, mleteni nimpime: sikio lenye usaha au kidonda kilichofichwa na manyoya humfanya mbwa mpole asitake kuguswa.

Hukuniambia kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Kama bado, mleteni wiki hii. Kirusi hukaa kwenye mate, na huweza kuwamo siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili, kwa hiyo jino likichubua ngozi, hata kwa mchezo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake mafuta wala dawa za kienyeji. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, daktari aamue kuhusu sindano. Msisubiri dalili, kwani zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa naye asiuawe. Mfungeni mahali salama na muiteni daktari wa mifugo, amfuatilie kwa siku 10.